Dumu Langu Haliendi Chooni

Kiroboto alipiga ukelele mmoja tu, mfupi, na mashine ishirini na nne zikanyamaza.

Karakana ya kushona hainyamazi kwa mkupuo. Kwanza zinakatika mashine za mbele, halafu za kati, halafu anabaki yule mmoja ambaye masikio yake yalishakufa zamani, anashona peke yake trrrrr mpaka jirani amguse bega. Hapo ndipo unasikia feni. Na siku hiyo, baada ya feni, nikamsikia Kiroboto akisema polepole kabisa, "Nimechomwa."

Kiroboto ndiye anayekusanya mabaki ya vitambaa. Tulimpa jina hilo kwa sababu ni mdogo wa umbo na hatulii, sasa hivi yuko chini ya meza yako, ukigeuka yuko mlangoni. Anajaza gunia, halafu anazamisha mkono wote mpaka kwapani, anashindilia ili liingie zaidi. Ndivyo alivyokuwa anashindilia siku hiyo. Alipoutoa mkono, kwenye ile nyama iliyo chini ya kidole gumba kulikuwa kunaning'inia kitu kama bahasha ndogo nyeupe.

Alikivuta, akakiweka mezani. Tukasogea. Kitambaa kigumu kimekunjwa vizuri, na ubavuni kimetokeza ncha nyembamba inayong'aa. Nyuma ya ncha, pale kitambaa kilipochanika, kinaonekana kipande cha plastiki angavu chenye mistari midogo myeusi.

Basi vichwa vyote vikageuka kwangu.

Hata mimi ningegeuka. Mimi ndiye mwenye sukari humu ndani. Mimi ndiye kila siku ikifika saa saba simu yangu inalia, natoa kalamu ya insulini hapo hapo mezani, nafungua kifungo kimoja cha shati, najidunga tumboni, nahesabu mpaka kumi, nafunga kifungo, nakula. Miaka miwili sasa. Jina langu la kazini ni Chaji, kwa sababu hujawahi kuniona bila simu mkononi na waya ukining'inia mfukoni kama mkia. Lakini siku hiyo nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Za Bibi Sukari hizo," na mwingine akacheka kwa pua.

Kiroboto alikuwa anapeleka mkono mdomoni.

"Usinyonye," nikamwambia. "Njoo."

Nikamshika mkono mpaka bombani. Nikafungulia maji, nikampa sabuni.

"Niminye damu itoke?"

"Usiminye. Acha maji yapite tu. Osha, endelea kuosha."

Akaosha. Ulimi wake wa utani uko pale pale. "Chaji, kama ni yako niambie tu. Sitakupiga. Nitakung'ata kidogo."

"Si yangu."

"Sawa," akasema, akaendelea kuosha. Sikujua kama ameniamini.

Futi akafika na Daftari. Futi ndiye msimamizi wetu. Kila siku futi ya kupimia iko shingoni, nadhani hata kuoga anaoga nayo. Na Daftari ni Daftari la Sindano. Kwetu, sindano ya mashine ikikatika, kazi yako inasimama. Unatafuta vipande vyote, ncha na mwili, unapiga magoti na sumaku chini ya meza, unakung'uta shati, unakagua mpaka viatu. Ukivipata, unavibandika kwenye Daftari kwa selotepu, unaandika tarehe na namba ya mashine, ndipo unapewa sindano mpya. Ncha isipopatikana, kila shati lililokuwa mezani kwako linafumuliwa. Ni kwa sababu kuna mwaka mtoto wa watu alikuta ncha kwenye kola ya shati lake. Futi huwa anaisimulia habari hiyo kama vile kola ile ilikuwa shingoni kwake yeye.

"Kwanza tuandike," akasema, anafungua Daftari.

"Kwanza aende kliniki," nikasema. "Ni dakika kumi kwa miguu. Kuna dawa za kukinga virusi wanaanza kumpa mapema, zikichelewa hazisaidii. Daftari halina miguu, litakuwepo."

Kiroboto akamtazama Futi. Futi akatazama Daftari lake, akafunga. "Nenda," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Wewe baki."

Akachukua koleo dogo, akabana kile kibahasha, akakiweka juu ya kifuniko cha bati mbele yangu.

"Haya. Chako."

"Si changu, bosi."

"Humu ndani nani mwingine anajidunga?"

"Sijui. Ila yangu haiko hivyo." Nikatoa pochi yangu ya dawa, nikamwonyesha. "Hii kalamu. Sindano yake ni hii, fupi kama punje ya mchele, ina kofia ya kijani. Inafungwa kwa kuzungusha, inafunguliwa kwa kuzungusha. Hiyo hapo ni ya bomba, ile ya kuvutia dawa kwenye kichupa. Ona hiyo plastiki ina mistari ya vipimo. Mtu amekata shingo ya bomba kwa mkasi."

"Sindano ni sindano."

Hapo damu ikanipanda. "Bosi, wewe ndiye ulinifundisha kazi. Siku ya kwanza uliniomba sindano, nikakuletea namba kumi na nne badala ya kumi na moja, ukanisimamisha hapo katikati mbele ya wote, ukasema asiyejua tofauti ya sindano akashone magunia. Leo sindano ni sindano?"

Watu wakaguna. Futi akaishika futi yake ncha zote mbili kama mtu anayejizuia kuanguka.

"Na dumu langu hili hapa," nikaendelea, maana nikianza sijui kusimama. Nikalitoa chini ya meza. Ni dumu la sabuni ya maji, lile la plastiki nene, kifuniko cha kuzungusha. "Kila sindano yangu ikitumika, mara moja tu, inaingia humu. Haivuki meza hii. Likifika robo tatu nalipeleka kliniki wao wanachoma. Haya mambo nimejifunza wapi? Kwenye Daftari lako. Hakuna sindano inayopotea."

"Chaji," akasema Futi, sasa kwa sauti ya chini, sauti mbaya zaidi. "Mimi sitaki kujua. Mtu amechomwa. Wakubwa wakiniuliza, nitawaambia nini? Kuanzia leo hizo sindano zako, chooni. Na dumu lako, chooni."

Akaenda ofisini, akarudi na karatasi. Ameandika kwa mkono: kwamba mimi nakiri sindano iliyookotwa ni yangu, na kwamba kuanzia sasa nitajidunga chooni tu. Mstari wa sahihi umepigwa kwa rula.

"Una mpaka saa saba. Ukisaini, tunaendelea. Usiposaini, geti unalijua."

Ngoja niwaambie kuhusu choo chetu. Taa iliungua siku nyingi. Mlango unafungwa kwa kipande cha kitambaa. Sakafu ina maji saa zote. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa najidungia humo, naona aibu, kalamu naishika kwa meno huku najipapasa gizani. Siku moja ikaniponyoka. Kile kichupa cha ndani kikapasuka, dawa yote ikaenda na maji, na mimi nikarudi kwenye mashine nimenyamaza kama mwizi. Mpaka jioni ulimi umekuwa kama kipande cha zulia na macho yanaona nyuzi mbilimbili. Nilishona mifuko kumi na minane juu chini. Futi akaja, akaushika mmoja, akauliza hizi pesa mtu anaweka akiwa amesimama kwa kichwa? Kesho yake ikafika saa saba, nikafungua kifungo hapo hapo mezani. Nikajiambia kama kuna anayeona vibaya, mashati yapo, ajifunike macho.

Kwa hiyo karatasi niliiacha mezani. Sikuikunja wala kuichana. Nikawasha mashine, nikashona kola.

Na ni ile kola iliyonifungua akili. Ndani ya kola kuna gamu, kile kitambaa kigumu ambacho kinagandishwa kwa moto wa pasi ili kola isimame. Nikatazama kile kibahasha kwenye bati. Gamu. Vipande viwili vimewekwa sindano katikati, vikagandishwa kwa pasi pande zote nne, halafu kona zimepinduliwa. Na kona zile, jamani. Kali, sawasawa, zimelala kama zimechorwa. Mtu aliifunga sindano ile kama anavyofunga kola, akaamini kwamba kilichogandishwa kwa gamu hakitoki tena. Na kweli, gamu haikufunguka, imekaa vile vile. Ncha ndiyo iliyoipita, mkono wa Kiroboto ulipoikandamiza.

Humu ndani kuna mtu mmoja tu anayepindua kona namna ile.

Nikainua macho. Mama Pasi yuko kwenye meza yake ya kupiga pasi, mvuke unamficha uso. Mwanamke mzima, mnene kiasi, ana methali kwa kila jambo. Ukichelewa anakupa methali, ukiwahi anakupa nyingine. Mimi alishanipa zaidi ya mia. Anayoipenda kuliko zote ni ya mficha maradhi, kifo humuumbua, anaisema akiniona na kalamu, anacheka, "Wewe angalau hufichi, mwanangu." Nikakumbuka kwamba kila siku, dakika tano kabla ya saa saba, Mama Pasi huwa anakwenda chooni na mkoba.

Nikachukua shati nililomaliza, nikampelekea kama naomba kupigiwa pasi.

"Mama," nikasema chini chini. "Kiroboto yuko kliniki. Watataka kumpima mwenye sindano, wajue wampe dawa gani na kwa siku ngapi. Ni kipimo cha kidole tu."

"Sasa mimi unaniambia za nini?"

"Nakuambia tu."

Akaigonga pasi mezani. "Sukari ni mambo ya kwenu, msinipake. Lete shati, kaa mbali, unanizibia upepo."

"Kona zile, mama."

Pasi ikasimama. Kidogo sana. Ukiwa si mtu wa kazi hii usingeona. Kisha ikaendelea, na yeye akanipa mgongo.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na neno moja mdomoni ambalo lingeniokoa, na ukweli lilikuwa linawasha kama pilipili. Lakini nilijua kitakachofuata. Futi angechukua karatasi ile ile, akafuta jina langu, akaandika la Mama Pasi, na choo kingebaki choo. Mimi nilikuwa sitaki kutoka kwenye kosa ili mwenzangu aingie. Nilitaka ile karatasi isiwe na mtu wa kuisaini humu ndani.

Saa saba simu ikalia.

Watu wote wakaacha mashine zao, lakini hakuna aliyekwenda kula. Futi akatoka ofisini na kalamu ya wino tayari. Nikaweka pochi mezani. Nikaweka dumu mezani, katikati, juu ya karatasi yake.

"Umesaini?"

"Sijasaini na sisaini. Nina njaa, bosi, nataka kujidunga nile. Anayetaka kuangalia aangalie, leo nafanya polepole."

Nikanawa mikono. Nikafungua sindano mpya, nikaizungusha kwenye kalamu, nikabonyeza dawa kidogo hewani mpaka tone likaonekana. Nikawa nasema kwa sauti, kama ninaongea na simu. "Sindano mpya kila mara. Ikirudiwa inakuwa butu, inauma, ngozi inafanya vinundu, na dawa ikidungwa kwenye kinundu haiendi vizuri. Jana nilidunga kushoto, leo kulia. Hatuchomi juu ya nguo." Hapo nikafungua kifungo changu. "Nguo si safi, na huoni unachoma wapi."

Nilikuwa simtazami Mama Pasi. Nilijitahidi mno kutomtazama mpaka shingo ikauma.

Nikadunga, na kabla sijafika kumi simu ikaita. Kiroboto. Nikaiweka kwenye spika kwa kidole cha mkono wa pili.

"Chaji, unanisikia?"

"Wote tunakusikia. Saba, nane."

"Unahesabu nini?"

"Najidunga. Tisa, kumi. Sema."

"Wamenipa vidonge. Nimeshaanza." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyekaa kwenye benchi refu peke yake. "Muuguzi anasema ni siku ishirini na nane. Anasema vinachefua. Anauliza kama mwenye sindano anajulikana, maana akija wakampima na yuko salama, huenda wataniachisha. Mimi sina ugomvi naye. Mwambieni tu aje. Na mimi nina mtoto nyumbani, nataka kujua."

Feni tu.

Futi akaona hapo ndipo pa kunimalizia. Akabana kile kibahasha kwa koleo, akakiinua juu. "Umesikia, Chaji? Mwenzako anateseka kwa uzembe wako. Hebu oneni hii. Hata kufunga amefunga ovyo ovyo, kazi ya mtu mvivu."

"Ovyo?"

Sauti ilitoka kwenye mvuke.

"Ovyo wapi?" Mama Pasi alikuwa anakuja katikati ya mashine, ubavu huku ubavu kule, watu wanavuta viti. "Futi, leta hapa. Ovyo wapi? Nionyeshe kona moja iliyolegea. Miaka kumi na tisa nakugandishia kola, zimesharudi ngapi?"

"Mama, sisemi kola, nasema hii..."

"Hiyo hiyo. Nimeigandisha pande nne, nimepindua mara mbili. Ovyo."

Kisha akasikia alichosema. Akasimama pale pale, mkono umenyooka kuelekea koleo. Kwa muda nikadhani atageuka, arudi kwenye pasi, na sisi sote tujifanye hatukusikia. Tungeweza. Watu wanaopendana kazini wanaweza mambo mengi.

"Nani huyo?" ikauliza simu. "Chaji, ni nani anaongea?"

Mama Pasi akavuta pumzi. "Ni mimi, mwanangu," akaiambia simu, ameinama kama simu ina sikio. "Ni ya kwangu. Nilidhani nimeifunga isimuumize mtu, nikaitupa kwenye mabaki. Nakuja. Nakuja sasa hivi, wanitoboe popote wanapotaka."

Kiroboto akasema, "Mama Pasi, na wewe? Na methali zote zile?"

Mtu akacheka, akajifunika mdomo. Halafu mwingine. Mama Pasi mwenyewe bega likamtikisika, sijui alikuwa anacheka au analia, nadhani alikuwa hajaamua.

"Miezi minane," akaniambia mimi, kwa sauti ya kawaida. "Bomba moja wiki nzima. Juu ya gauni. Humo gizani. Nilijua wakijua watasema nimechoka, watamleta msichana mahali pangu." Akamtazama Futi. "Haya, lete hiyo karatasi yako. Andika jina langu."

Futi alinyoosha mkono kwenye karatasi. Dumu lilikuwa juu yake, na mkono wangu juu ya dumu.

"Haiandikwi jina," nikasema.

"Chaji, toa mkono."

"Sitoi. Umesikia mwenyewe, bosi. Hiyo sindano imetoka chooni. Ya mezani haijawahi kumchoma mtu miaka miwili. Iliyokwenda chooni ndiyo hiyo unayo kwenye koleo. Sasa unataka kutupeleka wawili?"

Futi akatazama watu, akawakuta wanamtazama yeye. Fundi mmoja wa mbele, yule yule aliyesema Bibi Sukari asubuhi, akavuta kiti chake cha mashine, akakisukuma kwa mguu mpaka kikafika mezani kwangu. Akabaki amesimama.

"Kaa, mama," nikasema. "Kliniki ni dakika kumi, na wewe hujala. Una bomba jipya?"

"Ninalo moja. Nilikuwa nalitunza."

"Halitunzwi. Fungua."

Akakaa. Akatoa kichupa kwenye mkoba, akatoa bomba. Mikono inayogandisha kola mia mbili kwa siku ikawa inatafuta kifungo kama ya mtoto.

"Mbele ya Futi?" akauliza.

"Futi atageuka."

Na akageuka. Msimamizi wetu, na futi yake shingoni, akasimama kuangalia ukuta wenye ratiba, koleo bado mkononi, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mama Pasi akajidunga. Alifumba macho mwanzoni, nikamwambia afumbue. Alipomaliza akataka kuchukua mkasi kwa mazoea, nikausogeza mbali.

"Halikatwi wala halifunikwi. Zima zima humu."

Likaingia dumuni. Tok. Nikamwomba Futi koleo, nikaidondosha na ile ya bahasha, na kona zake zote.

Majibu ya Mama Pasi yalitoka siku hiyo hiyo, safi, na Kiroboto akaachishwa vidonge, akarudi keshokutwa yake akichechemea ingawa alichomwa mkononi. Gunia hashindilii tena kwa mkono, ametengeneza mchi wa ubao. Mama Pasi naye anamletea soda kila siku, na Kiroboto anazipokea bila aibu hata kidogo, anasema bado anaumwa.

Lakini mchana ule, kabla Mama Pasi hajavua aproni aende, nilichukua ile karatasi ya Futi. Nikaigeuza upande mweupe. Nikaandika kwa kalamu ya maka, herufi kubwa: SINDANO ZA SUKARI. USIFUNGUE. LIKIFIKA ROBO TATU, KLINIKI. Nikakata selotepu ya Daftari, nikaibandika kwenye dumu, nikalibeba mpaka mezani kwa Futi, nikaliweka pembeni ya Daftari la Sindano.

"Nani kakuruhusu kuliweka hapo?" akauliza.

"Hakuna," nikasema, nikaenda kula.